Kijana Aliyemfuata Mwalimu Wake



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, akitutaka shauri kuhusu mwanawe wa miaka 14. Kijana huyo, kwa maelezo ya mamake, amejaaliwa kipaji cha mpira hata majirani huacha shughuli zao kuja kumtazama. Amejaaliwa pia ulimi. Amegombana na mwalimu wake wa mpira mara tatu katika muhula mmoja, na mara ya mwisho alivua jezi katikati ya mchezo, akaitupa chini na kwenda zake nyumbani. Babake amekata shauri kumtoa kabisa michezoni hadi atakapojua adabu, na hoja yake ni ile tunayoijua sote: samaki mkunje angali mbichi. Mama anauliza, je, twamkunja au twamvunja?

Hatudai kumjua kijana kuliko wazazi wake. Hata hivyo barua hii ilitukumbusha maisha ya mchezaji mmoja wa Indonesia ambaye katika ujana wake alikuwa na vyote viwili, kipaji na ulimi, na ambaye aliwahi kutoka uwanjani kwa hasira mchezo ukiendelea, mbele ya halaiki ya watazamaji, kwa sababu hakuridhika na uamuzi wa mstari. Huyo ni Taufik Hidayat. Jina lake la kwanza ni taufiki tunayoiomba kila siku. La pili ni uongofu. Si ile hidaya ya zawadi tuliyoizoea katika Kiswahili, bali kuongozwa njia. Taufiki ilimjia mapema mno. Habari ya pili ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Mchezo wake ni mpira wa vinyoya, ambao vijana wetu huuita badmintoni. Hapa pwani unajulikana zaidi katika kumbi za jamaa zetu wenye asili ya Bara Hindi, na wengi wetu tumeuona ukichezwa uani kwa raketi za bei nafuu na kinyoya cha plastiki. Indonesia ni jambo jingine kabisa. Nchi hiyo, yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, imeutia mchezo huu moyoni kama sisi tulivyoutia mpira wa miguu. Rudy Hartono alitwaa ubingwa wa All England mara 8 kati ya 1968 na 1976, na mashindano hayo ya Uingereza ndiyo yaliyohesabiwa kuwa makubwa kuliko yote kabla ya kuwako ubingwa wa dunia. Mchezo ulipoingizwa rasmi katika Olimpiki, mjini Barcelona mwaka 1992, Indonesia ikapata dhahabu zake za kwanza kabisa: Susi Susanti kwa wanawake na Alan Budikusuma kwa wanaume. Wawili hao baadaye wakaoana. Tangu siku hizo, kila kijana wa Kiindonesia anayeshika raketi vizuri huwa amebeba matumaini ya taifa zima, na mzigo huo hauulizi umri wa anayebebeshwa.

Taufik alizaliwa tarehe 10 Agosti 1981 na kukulia Pangalengan, katika milima iliyo kusini ya mji wa Bandung, nchi ya baridi na mashamba ya chai. Babake, Aris Haris, alikuwa mpenzi wa mchezo huo, naye ndiye aliyempeleka mwanawe katika klabu ya SGS mjini Bandung, chini ya Iie Sumirat. Huyu Iie alikuwa mchezaji wa timu ya taifa katika miaka ya 1970, aliyesifika kwa kuwaangusha Wachina waliodhaniwa hawaangushiki. Ni vyema kuangalia namna babake alivyotenda. Hakujifanya mwalimu. Alipoona kwamba mwana anahitaji zaidi ya yale ambayo nyumba yaweza kumpa, alimkabidhi kwa mwenye kujua. Kutoka hapo kijana akachukuliwa katika kambi ya taifa iliyoko Cipayung, mashariki mwa Jakarta, ambako wachezaji hulala, hula na kufanya mazoezi pamoja, mbali na wazazi wao.

Machi 1999, akiwa na miaka 17, alifika fainali ya All England akashindwa na Peter Gade wa Denmark. Mwaka huo huo akawa bingwa wa mashindano ya wazi ya Indonesia, nyumbani, mbele ya watu wake. Mwaka wa 2000 akafika tena fainali ya All England, safari hii akashindwa na Mchina Xia Xuanze, akawamo katika timu iliyotwaa Kombe la Thomas, yaani ubingwa wa dunia wa timu za wanaume, na akapanda hadi nafasi ya kwanza duniani. Alikuwa kijana wa miaka 19.

Waliomwona akicheza hutaja kitu kimoja kabla ya vingine vyote. Mchezaji wa mkono wa kulia anayepigiwa kinyoya upande wa kushoto, nyuma ya kiwanja, huwa taabuni. Aghalabu huzunguka mbio ili apate kukipiga kwa upande wa mbele wa mkono, au hukiinua tu ili apate nafasi ya kupumua. Taufik alikigeuzia mgongo kinyoya na kukipiga kwa mgongo wa mkono, kwa nguvu ambazo wengine huzipata kwa kuruka na kupiga kwa mkono wote. Wapinzani walijifunza kutoupeleka mchezo upande ule, ilhali kwa wachezaji wengine huo ndio upande wa kushambuliwa. Kifundo cha mkono wake kilikuwa chepesi kiasi kwamba hadi nukta ya mwisho hukujua kama kinyoya kitakuja kama kombora au kitadondoka taratibu nyuma ya wavu.

Na hapo ndipo ilipo shida ya watu wa namna hii. Anayepata kwa wepesi kile ambacho wenzake hukipata kwa jasho la miaka, huona kwamba kanuni ziliwekwa kwa ajili ya hao wenzake. Taufik alijulikana kwa ulimi mkali na kwa uvivu wa mazoezi kama alivyojulikana kwa mgongo wa mkono wake. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikwenda akiwa tegemeo, akatolewa katika robo fainali na Ji Xinpeng wa China, ambaye ndiye aliyechukua dhahabu. Mwindonesia aliyefika fainali alikuwa Hendrawan, mtu mkubwa kwake kwa miaka kadhaa, asiye na makeke, aliyejengwa kwa bidii. Hendrawan alirudi na fedha, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Tukiwa wazazi tungemwambia Taufik maneno gani baada ya Sydney? Bila shaka yale yale: mwangalie mwenzio.

Baada ya Sydney mambo yaliharibika zaidi. Kocha wake, Mulyo Handoyo, aliondoka Indonesia na kwenda kufundisha Singapore. Taufik akamfuata. Jambo hilo lilikuwa kubwa. Mchezaji aliyelelewa kwa mali ya taifa, tumaini la Jakarta, alikuwa amefunga virago na kuvuka bahari kumfuata mwalimu. Magazeti ya kwao yaliandika mengi, na ni rahisi kufikiri kwamba wengi waliona hiki ni kiburi kingine cha kijana asiyejua shukurani. Alipata ubingwa wa Indonesia katika miaka ya 1999, 2000, 2002, 2003, 2004 na 2006. Ukiitazama orodha hiyo utaona mwaka 2001 haumo.

Sisi tunakisoma kisa hiki kwa namna nyingine, na tunaomba msomaji atuvumilie. Kijana anayesemwa kwamba hamsikii yeyote, mara hii alivuka mpaka wa nchi kwa sababu kuna mmoja anayemsikia. Hilo si tendo la mtu asiye na adabu kabisa. Ni tendo la mtu mwenye adabu mahali pamoja tu, naye apajua mahali penyewe. Wakubwa wa mchezo wangeweza kulifunga faili lake pale pale, na wangekuwa na hoja. Badala yake mlango uliachwa wazi, na hatimaye walirejea wote wawili, mwalimu na mwanafunzi.

Mwaka 2002 Taufik akawa tena katika timu iliyotwaa Kombe la Thomas, na huko Busan, Korea Kusini, akachukua dhahabu ya Michezo ya Asia. Kisha ukaja mwaka 2004 na Olimpiki ya Athens.

Wakati ule seti ilikwenda hadi pointi 15, na aliyeanzisha ndiye pekee aliyeweza kujiongezea pointi. Asiyeanzisha, hata ashinde mpigano, alipata haki ya kuanzisha tu. Mfumo huo uliwafaa wenye subira, na subira ndiyo iliyokuwa ikimpunguka Taufik. Lin Dan wa China, aliyetazamiwa na wengi kushinda, aliangushwa katika mchezo wake wa kwanza na Ronald Susilo, mzaliwa wa Indonesia aliyekuwa akiichezea Singapore. Njia ikafunguka, lakini haikuwa nyepesi. Taufik alimshinda Wong Choong Hann wa Malaysia, na katika robo fainali akakutana na Peter Gade yule yule aliyemnyima All England miaka 5 nyuma. Akamshinda. Akamshinda Boonsak Ponsana wa Thailand katika nusu fainali. Tarehe 21 Agosti, siku 11 baada ya kutimiza miaka 23, akacheza fainali na Shon Seung-mo wa Korea Kusini na kumaliza kwa 15-8, 15-7.

Wimbo wa taifa ulipopigwa, machozi yalimtoka. Mulyo Handoyo alikuwapo Athens kama kocha wake. Dhahabu ile hadi leo ndiyo ya mwisho ambayo Indonesia imeipata katika mchezo wa mmoja kwa mmoja kwenye Olimpiki. Zilizofuata zote katika mpira wa vinyoya zilikuja kwa wachezaji wawili wawili.

Mwaka uliofuata, mjini Anaheim, Marekani, alikutana na Lin Dan katika fainali ya ubingwa wa dunia. Lin Dan alikuwa akishika nafasi ya kwanza duniani, na wapo wanaomhesabu leo kuwa mchezaji bora wa mchezo huu katika historia. Matokeo yalikuwa 15-3, 15-7. Tumeyaandika kama yalivyo. Hayana makosa ya chapa. Taufik akawa mwanamume wa kwanza kushika ubingwa wa Olimpiki na wa dunia kwa wakati mmoja katika mchezo wa mmoja kwa mmoja.

Februari 2006 alimuoa Ami Gumelar, binti wa jenerali mstaafu Agum Gumelar aliyewahi kuwa waziri, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto wawili. Mwaka huo huo mfumo wa pointi ulibadilishwa, seti ikawa hadi 21 na kila mpigano kutoa pointi, na wengi walidhani kwamba mchezaji wa kujiachia kama yeye angepotea. Desemba akamshinda Lin Dan huko Doha kwa 21-15, 22-20 na kutetea dhahabu yake ya Asia.

Miaka iliyobaki hatutaisimulia yote. Alikwenda Beijing mwaka 2008 akiwa ametoka kuugua homa ya dengi, ugonjwa ambao sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa jinsi unavyomwacha mtu, akashindwa katika mchezo wake wa kwanza na Wong Choong Hann, yule aliyemtoa Athens. Mwanzoni mwa 2009 aliiacha kambi ya Cipayung na kuwa mchezaji wa kujitegemea. Mwaka 2010 alifika tena fainali ya dunia, huko Paris, akashindwa na Chen Jin. London 2012 ilikuwa Olimpiki yake ya nne, na Lin Dan ndiye aliyemtoa. All England hakuipata kamwe. Aliaga mchezo Juni 2013 katika ukumbi wa Istora, Senayan, mjini Jakarta, kwenye mashindano aliyokuwa ameyashinda mara 6. Akatolewa katika raundi ya kwanza na Mhindi wa miaka 20, Sai Praneeth, baada ya kushinda seti ya kwanza.

Alikuwa tayari amejenga kituo cha mazoezi huko Ciracas, mashariki mwa Jakarta, kinachobeba jina lake. Baadaye akaingia katika kazi za serikali zinazohusu michezo, na huko alikutana na mtihani wa namna nyingine. Mwaka 2020 aliitwa mahakamani kama shahidi katika kesi ya rushwa iliyomkabili aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, Imam Nahrawi. Taufik alieleza kwamba aliombwa kumkabidhi msaidizi wa waziri kiasi cha rupia bilioni 1, naye akakabidhi. Akasema kwamba alikuwa mjumbe tu. Yeye hakushtakiwa. Waziri alihukumiwa kifungo. Oktoba 2024 Rais Prabowo Subianto alimteua Taufik kuwa naibu waziri katika wizara hiyo hiyo.

Tungeweza kuiacha aya hiyo, na kisa kingependeza zaidi. Tumeiweka kwa kuwa safu hii inasomwa na wazazi, na hatupendi kuwauzia hadithi ya kijana aliyeshikwa mkono mara moja akanyooka maisha yake yote. Uwanjani alikuwapo mtu wa kumwambia hapana. Ofisini, mtu mzima hujiambia mwenyewe.

Na huyo Mulyo Handoyo je? Mwaka 2017 alikuwa India, akiwafundisha wachezaji wa mmoja kwa mmoja wa taifa hilo. Katika mwaka huo mmoja Kidambi Srikanth, aliyekuwa amepungua sana, alishinda mashindano makubwa 4: Indonesia, Australia, Denmark na Ufaransa. Basi haikuwa bahati ya kumpata Taufik tu. Mtu huyu ana mkono, na katika kila mji wako watu wachache kama yeye, wengine hawana hata cheti. Mara nyingi ni mzee aliyewahi kucheza zamani, ambaye sasa hukaa barazani jioni na kutazama vijana bila kusema kitu.

Sasa turudi kwa mama yetu. Babake kijana ana haki katika jambo moja, na tunamuunga mkono: jezi iliyotupwa chini ni lazima iokotwe. Mwanawe aifue kwa mikono yake mwenyewe, aikunje, aende nayo kwa mwalimu akiwa peke yake bila mama wala baba wa kumsemea, na aombe radhi. Mwalimu akitaka kumweka nje mechi kadhaa, akae nje, ahudhurie kila moja na awabebee wenzake maji. Katika haya hakuna la kujadiliwa.

Kumtoa michezoni kabisa, hapana. Hilo tunaliona kuwa kufunga faili. Mpira ndio mahali pekee ambapo kijana huyu, kwa maneno ya mamake mwenyewe, huamka kabla ya kuamshwa. Ukimwondolea hapo, utamfundishia wapi hiyo adabu unayoitaka? Utakuwa umebaki na ulimi bila kipaji.

Tunaloomba zaidi ni wazazi hawa wakae pamoja jioni moja na wajiulize ni nani ambaye mtoto huyu humsikiliza. Wasianze na nani anayepaswa kumsikiliza, maana hiyo ni orodha ndefu na baba yumo juu yake. Watafute yule ambaye akimkemea, kijana huinama na kunyamaza. Huenda ni mjomba. Huenda ni ustadh wa madrasa, au kaka wa mtaani aliyecheza ligi miaka ya nyuma. Barua ya mama ina sentensi moja aliyoiandika kwa kupita tu, kwamba mwanawe hushinda Jumamosi nzima katika karakana ya fundi wa baiskeli karibu na kwao, na kwamba huko "hafui dafu." Sisi tuliisoma sentensi hiyo mara mbili. Baba na aende kwa fundi huyo Jumamosi ijayo, apewe kiti, na akae hapo muda wa kutosha kuona jinsi mwanawe anavyosemeshwa na anavyojibu. Kisha watuandikie tena, in shaa Allah.